Sauti Isiyojua Kuuliza

Tangawizi ya msimu wa mvua ina maji mengi. Ukiikata nyembamba sana inajikunja kama sikio la mbuzi, na ukiikata nene inaota ukungu katikati, nje ikiwa nzima. Asubuhi ile ya Ijumaa nilikuwa nimekaa bandani kwenye kigoda changu, beseni katikati ya magoti, nikikata pole pole huku nikipanga vipande kwenye chanja, ndipo turubai likawaka.

Turubai lenyewe ni jeupe, mjukuu wangu Namsifu alilitundika ukutani juu ya chanja. Likizimwa utadhani shuka limeanikwa. Likiwaka unaiona milima yetu yote ya Upare imechorwa, mabonde na njia zake, na kila mtu anayeingia kwenye tovuti yetu ni punje ya mwanga. Punje inachomoza kijijini kwake, inatembea mpaka kwenye kibanda kilichochorwa, chenye maandishi Tangawizi ya Bibi Nakiete. Ikikaa ndani inageuka rangi ya asali. Ikiingia na kutoka papo hapo inazimika kama njiti ya kiberiti iliyolowa. Hao wa kutoka papo hapo, Namsifu huwaita watoro.

Nilipenda kuwatazama. Mtu akizeeka, wageni wa miguu hupungua, na hawa wa mwanga nao ni wageni.

"Bibi, njoo uone," Namsifu akaniita. "Mteshi kumewaka kote. Leo utakuwa maarufu kuliko mchungaji."

"Na mchungaji sitaki ugomvi, ana spika." Nikajifuta mikono kwa kanga nikasogea. Kweli, bonde la Mteshi lilikuwa limejaa punje, zote rangi ya asali. "Mteshi wana tangawizi yao mashambani. Yetu wanaitaka ya nini?"

"Hawajanunua bado. Wanasikiliza. Wanakaa mpaka jibu liishe, wanaondoka, wanarudi tena. Tazama huyu, tangu alfajiri anakwenda na kurudi. Na hakuna mtoro hata mmoja, Bibi. Tangu nianze kazi hii sijaona bonde lisilo na mtoro."

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Harusini kuna watoro. Hata msibani wapo, wanaotoka nyuma wakijidai wanakwenda kuongea na simu. Watu wote kukaa kimya na kulisikiliza neno mpaka mwisho, nimekuona mahali pamoja tu: kwenye benchi la hospitali, mlango wa ndani unapofunguka.

"Wanauliza nini?" nikasema.

Namsifu akaligusa bonde kwa kidole. Maneno yao yakapanda kama mapovu ya uji.

Mtoto anaharisha maji kama ya kuoshea mchele. Mtoto analia hatoi machozi. Mtoto macho yameingia ndani. Mtoto amelala ukimwita haamki, nimpe nini.

Cheko la Namsifu likakatika. Akanitazama, mimi nikatazama turubai. Nilipokuwa msichana niliyaona maji ya namna ile, na niliyaona mashuka yaliyochomwa baada yake.

"Na wanajibiwa nini?"

"Bibi, kaa kwanza."

"Nimekaa maisha yangu yote. Nisikilizishe."

Siku hizi mtu haulizi akapewa majibu mengi achague, kama tulivyofanya sisi enzi za simu za kushika. Unauliza kihereni kilicho sikioni, na Mwitiko, ule mtambo wa majibu, unakupa jibu moja. Moja tu. Kwa hiyo wafanyabiashara wanagombea kuwa hilo jibu. Maneno ya watu yananadiwa kila asubuhi, kila bonde na mnada wake: kiu, usingizi, tumbo, harusi. Anayeshinda neno, yeye ndiye anayejibu. Na kushinda si kwa dau peke yake. Mwitiko unapima pia ni sauti ya nani watu wanaitii.

Sisi hatukuwa na dau la kutisha mtu. Tulikuwa na sauti yangu. Msimu uliopita Namsifu alinipeleka Same mjini, nikaingizwa kwenye chumba kilichopigwa magodoro kuta zote, nikasoma maneno, nikaimba kidogo, nikacheka, nikatoa pole. Sauti ikakodishwa kwa Mwitiko ili iieleze chai yetu. Nilipotoka walinipa soda ya baridi na mto wa kukalia njiani.

Namsifu akabonyeza. Banda likajaa mimi.

"Usihangaike, mwanangu," sauti ikasema. "Hilo ni tumbo la kupita. Chemsha Tangawizi ya Bibi Nakiete, ipoe, mpe kijiko kimoja. Kisha mwache alale. Alale, mwanangu, alale. Kesho ataamka anacheza."

Ilikuwa mimi kabisa. Hata ile pumzi ninayovuta kabla ya kusema "mwanangu", kwa sababu ya kifua changu, ilikuwamo. Nikajishika koo kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki.

"Sijasema hayo," nikasema.

"Najua, Bibi. Inajitungia kutokana na ulichosoma."

"Haikusalimu."

"Bibi?"

"Haikusalimu, wala haikuuliza kitu."

Namsifu alielewa, maana amelelewa mgongoni mwangu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiitwa watoto wakiugua, na alinifundisha kwamba anayeulizwa habari ya mgonjwa hajibu kabla hajauliza. Unaanza na salamu, mbali kabisa: shamba, mbuzi, mvua, baba wa nyumba. Unakuja pole pole mpaka kwa mtoto. Amekojoa leo? Akilia machozi yanatoka? Ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi au inabaki imesimama? Nani mwingine ndani anaumwa? Ukifika mwisho, mara nyingi mama mtu ameshajijibu mwenyewe na anafunga kanga aondoke. Kule Same niliyasoma maswali yale yote, moja moja, nikawaambia vijana walionirekodi kwamba bila hayo wasiniweke kwenye sikio la mtu.

Sasa hayakuwamo.

*

Mtu wa Mwitiko anayeshughulika na milima yetu anaitwa Mfinanga. Namsifu alipompigia, alitokea kwenye turubai shati limenyooshwa, nyuma yake kuna ua la plastiki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani?"

"Salama, Bibi."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Yule mdogo anayekohoa, sasa analala?"

Akatabasamu. "Analala, nashukuru. Umekumbuka."

"Unaona," nikamwambia. "Nimekuuliza na hukutoroka. Maswali yangu mmeyapeleka wapi?"

Akajikuna sikio. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema mapema. "Bibi, hakuna aliyekaa akayakata. Mwitiko unajifunza wenyewe. Uliona kwamba ukisalimu, wageni wachache wanatoka. Ukaiondoa salamu, wakabaki. Ukauliza habari ya machozi, wengine wakatoka. Ukaliondoa swali hilo, wakabaki. Mwenye shida hana subira. Sasa sauti yako ndiyo ya kwanza milima yote hii. Ikisema alale, wanalaza."

"Mtoto wa namna ile akilala haamki."



Wakati huo Namsifu alikuwa ameinama kwenye kona ya turubai, anarudisha siku nyuma. Punje zilikuwa zikitembea kinyumenyume, kutoka kibandani kurudi majumbani. "Bwana Mfinanga," akasema bila kuinua kichwa, "wale waliokuwa wanatoka kwenye maswali. Watoro. Mliwahi kutazama walikuwa wanakwenda wapi?"

"Wakishatoka hawatuhusu. Sisi tunahesabu wanaobaki."

"Ramani inawaona bado, vihereni vyao viko masikioni." Akavuta bonde la Mteshi karibu. "Tazama. Huyu ameulizwa machozi, ametoka. Huyu naye. Huyu naye."

Nikaona. Punje zilizimika kibandani, na kila moja ikabaki doa la kijivu, na yale madoa yakashika njia ya juu. Moja baada ya jingine yakapanda mpaka kilimani ilipo zahanati.

Namsifu akainua kichwa.

"Hawakuwa watoro," Namsifu akasema. "Walikuwa wanampeleka mtoto."

"Basi iweke zahanati ijibu," nikamwambia Mfinanga.

"Zahanati haijanunua neno, Bibi. Haina neno hata moja."

"Na sisi tukisema, kupitia jibu letu, nendeni zahanati?"

"Mnaweza kulisema leo hii. Wageni watatoka, alama itashuka, na Mwitiko utajirekebisha kabla hamjamaliza kunywa chai. Utalirudisha lile linalowaweka."

"Nikiivua sauti yangu?"

Hapo akalegeza kola. "Ni haki yako. Unasema tu kwa kinywa chako, naivua sauti yangu, Mwitiko unaizika. Lakini nikueleze vizuri, Bibi, usije ukanilaumu. Sauti ikizikwa, inazikwa kwenye kila mtambo, ili mtu asiiibe. Kihereni, simu, turubai, mlango wa benki, vyote vitakusikia kama upepo. Haifufuki. Na mwanao yuko juu."

Alijua. Kila mtu anajua. Eliafoo wangu, kitinda mimba, anafanya kazi Kituo cha Juu, kule wanakokarabati vioo vya jua vinavyozunguka dunia. Hatashuka mpaka mkataba wake uishe. Kila Ijumaa Sabato ikiingia ananipigia, ananiuliza nimepika nini, mimi namwambia makande, hata kama nimepika wali, ili afurahi.

"Na nikiivua, nani anashika neno?" nikauliza.

Namsifu ndiye aliyejibu, maana foleni ya mnada ilikuwa mbele yake. "Poda ya juisi ya rangi. Sauti yao ni ya mtoto anaimba."

"Lakini si leo," Mfinanga akasema taratibu, kama mtu anayesogeza kitu chini ya meza. "Neno likiachwa wazi, linakaa wazi mpaka mnada wa asubuhi. Watu watauliza, hawatajibiwa kitu."

"Kimya?"

"Kimya. Tangu niajiriwe sijaona bonde likinyamaziwa. Sijui watu watafanya nini. Wanaweza kukaa tu wanauliza, Bibi. Wanaweza kukaa wanauliza mpaka mtoto anapoa. Sauti yako angalau inawatuliza."

Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Sauti mbaya niliijua ubaya wake. Kimya sikukijua.

Basi nikasema kwanza nijaribu njia ya watu. Mteshi nina mtoto wa marehemu dada yangu, Mama Mbazi, mwanawe ni mdogo bado ananyonya. Nikampigia kwa kihereni cha Namsifu.

"Mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo kidogo, Mama Mkubwa." Alikuwa anaongea chini chini, kama watu wanavyoongea mtoto akiwa amelala. "Mbazi alikuwa mbaya usiku. Sasa ametulia. Nimefanya kama ulivyoniambia."

"Sikukuambia kitu, mwanangu. Nisikilize. Mbebe Mbazi sasa hivi upande..."

Kihereni kikatoa mlio mwembamba. Nikasema tena, zahanati, mpeleke, lakini upande wa pili alikuwa anasema, "Mama Mkubwa? Mbona umenyamaza?" Kisha, Mungu wangu, nikasikia mtu akimjibu. Nilikuwa mimi. "Usihangaike, mwanangu. Mwache alale."

"Haya, Mama Mkubwa," akasema. Simu ikakatika.

Mfinanga alikuwa ameinamisha kichwa. "Imo kwenye mkataba," akasema. "Sauti iliyokodishwa haiwezi kulipinga jibu lake yenyewe. Ikilipinga, inanyamazishwa na jibu linapita. Samahani, Bibi. Samahani sana."

*

Tulikwenda kwa pikipiki ya umeme ya Namsifu, mimi nyuma nimeshika kiuno chake, kikapu kimefungwa kwa kanga mgongoni. Mle kikapuni nilitia chumvi, sukari, na chupa za maji yaliyochemshwa ya bandani. Mvua ya usiku ilikuwa imekata njia, mifereji imemwaga tope la vyooni mpaka kwenye kijito wanakochota maji. Nikaona ugonjwa ulikoanzia. Namsifu naye akaona, hakusema neno, akaongeza mwendo.

Nyumba ya Mama Mbazi iko mwanzo wa kijiji, ina mlango wa bluu. Alifungua akiwa na kihereni sikioni, akarudi nyuma hatua.

"Mama Mkubwa? Umefikaje? Si upo..." Akagusa sikio.

Niliogopa kuongea. Niliogopa kwamba nikifungua kinywa itatoka ile nyingine. Nikasimama pale kizingitini nimefumba midomo kama mtoto aliyeficha sukari, mpaka Namsifu akanigusa bega.

"Habari za hapa, mwanangu?" nikasema.

"Nzuri, Mama Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua imewaachia mahindi?"

"Imeyalaza kidogo."

"Mbuzi?"

"Wapo."

"Baba Mbazi?"

"Yuko..." Sauti yake ikayumba. "Amelala. Tumbo linamsumbua naye."

"Naye. Na Mbazi, leo amekojoa?"

Akageuza shingo kutazama kitandani.

"Akilia, machozi yanatoka?"

Alinitazama, na nikaona lile jambo ambalo mama yangu aliliona maisha yake yote kwenye nyuso za wanawake, mtu akitambua kwamba jibu analo mwenyewe. Akakivua kihereni sikioni. Bado kilikuwa kinaongea mkononi mwake, kidogo kama mbu, kwa sauti yangu: alale, mwanangu, alale. Akakitupa kwenye jivu.

Mbazi alikuwa kitandani, mkono umelegea nje ya blanketi. Nikamfinya ngozi ya tumbo. Ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Macho yalikuwa mbali ndani. Nikakoroga chumvi na sukari kwenye maji, nikamtilia mdomoni kwa ncha ya kijiko, tone tone, na kwa muda hakuna kilichotokea, kisha akameza. Namsifu akawapakia mama na mtoto kwenye pikipiki, akanitazama mimi.

"Nendeni," nikasema. "Ukishawafikisha rudi umchukue baba yake. Mimi napita nyumba kwa nyumba."

Nilifika nyumba ya pili. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo. Kabla sijabisha nikasikia ndani mtu mzima wa kike akisema, "Usihangaike, mwanangu," na mwanamke kijana akilia polepole. Kwenye nyumba ya kona wamekiweka kihereni kwenye bakuli ili kisikike na wote. "Hilo ni tumbo la kupita." Nyuma ya kanisa, kule chini kwenye migomba, kila nyumba niliyopita niko ndani yake. Nilikuwa nimeshafika kila mahali kabla sijafika. Nilibisha, wakauliza "Nani?", nami nikajibu, na mlango haukufunguka, maana sauti hiyo walikuwa nayo tayari ndani.

Niliwapata wawili watatu. Niliwasalimu, nikawauliza, wakabeba watoto. Lakini miguu yangu ni ya kigodani, na bonde la Mteshi ni refu, na kote mbele yangu nilikuwa nikijisikia nikiwaimbia watoto wa watu walale.

Nikakaa kwenye jiwe. Namsifu akanikuta pale, pikipiki ina tope mpaka kwenye usukani.

"Mbazi?" nikauliza.

"Ametundikiwa dripu, na baba yake yuko naye. Nesi anasema tungechelewa kidogo..." Hakumaliza. "Bibi, jua linaelekea kutua. Uncle Eliafoo atapiga. Tungoje aongee nawe kwanza, halafu ndiyo uivue. Ni kidogo tu."

Nilitaka. Sitadanganya, nilitaka sana. Nilitaka nimwambie makande. Nikatazama juu, mawingu yamefunika, na nyuma yake mwanangu anakatiza mbingu. Kisha kutoka nyumba ya karibu, kwa ile pumzi ya kifua changu, nikajisikia nikisema, "Alale."

"Lete kihereni," nikasema.

"Na wakikaa tu wanauliza? Kama alivyosema Mfinanga?"

"Lete, mjukuu wangu."

Nikakishika karibu na kinywa kama mtu anayepuliza moto. "Mimi Nakiete," nikasema. "Naivua sauti yangu."

Kwanza hakukuwa na tofauti. Kisha bonde zima likanyamaza. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama redio iliyokuwa ikiongea chumba cha pili tangu asubuhi, hukuisikia, sasa imezimwa. Nikasikia kijito. Nikasikia mtu ndani akirudia swali lake, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Nyumba nyingine nayo. Nyumba nyingine. Bonde zima lilikuwa linauliza na hakuna anayejibu, nikawaza, nimewaua. Nimewaacha gizani.

Mlango mmoja ukafunguka. Mwanamke akatoka na mtoto mkononi, akasimama uani anatazama huku na huku kama aliyeitwa. Mwenzake akatoka nyumba ya pili.

"Na kwako kimenyamaza?"

"Kimenyamaza. Mwanao vipi?"

"Hatoi machozi. Wako?"

"Wangu naye."

Walitazamana. Kisha mmoja akafunga kanga kiunoni.

*

Sabato iliingia tukiwa zahanati. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, nesi anapita katikati yao sare yake imelowa, na mimi nakoroga maji ya chumvi na sukari kwenye ndoo, nawauliza wale wa mlangoni maswali ya mama yangu ili nesi ajue nani aanze. Mbazi alikojoa. Mama yake alilia kwa furaha ya kulowa.

Kihereni cha Namsifu kikaita. Akakifungulia sauti ili nami nisikie.

"Mama? Sabato njema. Umepika nini leo?"

"Makande," nikasema.

"Mama? Upo?"

"Nipo, mwanangu. Makande. Nipo."

"Namsifu, kuna upepo mwingi huko. Bibi yako yuko wapi?"

Nikauchomoa mwiko niliokuwa nakorogea, nikagonga ukingo wa ndoo, pole pole, ule mdundo wa kinu cha tangawizi ambao Eliafoo alilala nao mgongoni mwangu utoto wake wote. Kisha Eliafoo akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo, "Nakusikia, Mama." Nikaendelea kugonga mpaka alipozama upande wa pili wa dunia.

Asubuhi mnada ukafunguliwa, maana mnada haujui Sabato. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi za zahanati, Mama Mbazi na mwanawe mapajani, Namsifu na mimi. Kihereni cha Namsifu kilikuwa kwenye kiganja chake. Akakiuliza kwa sauti ndogo, aone nani amelishika neno: "Mtoto anaharisha. Nimpe nini?"

Tuliingoja ile poda, na mtoto anayeimba.

"Habari za asubuhi, mwanangu?" kihereni kikasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Si yangu. Nzuri kuliko yangu, haina kifua. "Mvua imewaachia mahindi? Mbuzi hawajambo? Na mtoto, leo amekojoa? Akilia, machozi yanatoka?"

Jana yake bonde zima lilikuwa limeacha kuviuliza vihereni na kumfuata mtu mmoja anayeuliza, na Mwitiko ulikuwa umeona tulikokwenda. Ulikuwa umejifunza, ukaitungia ile poda sauti ya bibi.

Mama Mbazi akafungua kinywa amjibu. Mimi nikamshika mkono.

"Ngoja," nikasema.

Tukasikiliza. Sauti ile iliuliza vizuri, kwa mpangilio, haikuruka hata swali moja. Na baada ya swali la mwisho, bila kungoja jibu la mtu yeyote, ikasema, "Basi usihangaike."